Fundi Anajibu: Karavani la faiba limechoka, nianze na nini?

Kamwene kwa wa Iringa na Njombe, na ugonile kwa wale wa Tukuyu na Kyela. Toleo lililopita niligusia kidogo tu habari ya karavani za faiba, yale matela ya kulala ndani yanayovutwa na gari dogo, na maswali yamekuja mengi mno, kwa hiyo safari hii safu yote ni ya karavani. Kwa asiyeyajua, bodi lake ni vipande viwili vya faiba, cha juu na cha chini, vimeunganishwa katikati ya ukuta kuzunguka, hakuna fremu ya mbao ndani ya kuta. Wakanada walianza kutengeneza yale ya Boler kule Winnipeg mwaka 1968 na mpaka leo yapo ya miaka hiyo yanayotembea barabarani, ndo maana inaniuma nikiona mtu analiacha lake uwanjani linaota majani eti limeisha. Faiba haiozi. Kinachooza ni vitu vilivyoshikizwa kwenye faiba, na kinachoviozesha ni maji. Ukishalijua hilo nusu ya kazi umemaliza.

Shikamoo fundi. Mimi mama wa biashara hapa Uyole, nilinunua karavani la faiba kwa familia ya wageni waliokuwa wanarudi kwao, nataka niwe naenda nalo Matema na watoto na siku zingine nalikodisha. Kiangazi lilikuwa zuri tu, mvua zilivyoanza maji yanaingia, naona yanatokea chini ya dirisha la nyuma, na sakafu pale mlangoni ukikanyaga inabonyea. Fundi mmoja akaja akapaka silikoni kila mahali nikamlipa, mvua iliyofuata likavuja vilevile, sasa anasema tupake rangi bodi lote ndo litaziba. Nipake? (Mama Biashara, Uyole)

Marahaba mama. Usipake. Hiyo hela ya rangi iweke kabisa, utaihitaji kwenye sakafu.

Maji kwenye karavani yanaingia pengine na kutokea pengine. Unayaona chini ya dirisha la nyuma lakini pa kuingilia panaweza kuwa kifuniko cha hewa kule juu ya paa, au taa ndogo za kona za juu, au ribiti moja iliyolegea, yakishaingia yanatembea nyuma ya lile zulia la ukutani taratibu mpaka yapate pa kutokea. Kwa hiyo kabla ya kuziba chochote tafuta yanapoingilia. Chukua mpira wa maji, mtu mmoja abaki ndani na tochi, we anza kumwagia CHINI kwanza, kwenye ule mkanda wa katikati, subiri dakika kama tano, kisha fremu ya dirisha upande wa chini, kisha juu ya dirisha, kisha taa, paa liwe la mwisho. Ukianzia juu maji yatashuka yalowanishe kila kitu na hutajua ni wapi. Aliye ndani akiona tone anapiga kelele, unaweka alama ya chaki, unaendelea. Na usipeleke presha ya mashine ya kuoshea magari, ile inasukuma maji hata pale ambapo mvua haiwezi kupita.

Sasa hiyo silikoni. Silikoni ya madirisha ya nyumba ikishakaa kwenye faiba inaacha utelezi ambao kitu kingine hakishiki, hata silikoni mpya juu ya ya zamani haishiki vizuri, ndo maana lilivuja vilevile. Itolewe yote. Ikwanguliwe kwa plastiki ngumu, kadi ya zamani ya benki inafaa, siyo kwa kisu kinachochimba, alafu ifutwe kwa kitambaa chenye asitoni huku mnabadilisha kitambaa mara kwa mara, na msasa uje MWISHO, maana ukianza na msasa unaisugulia silikoni iingie ndani zaidi. Ukimaliza nyunyiza maji kidogo: yakitandaa vizuri umefaulu, yakijikusanya matone matone bado ipo.

Dirisha linalovuja halizibwi kwa kupaka nje mama, linatolewa. Linafunguliwa skrubu, linatoka lote, gundi ya zamani inasafishwa, unazungusha tepu ya butili (ile nyeusi au ya kijivu inayonata kama ubani uliotafunwa) kwenye fremu, unalirudisha, unakaza skrubu kidogo kidogo kwa kupokezana kona na kona mpaka butili ianze kujitokeza pembeni sawasawa. Usikaze kwa nguvu siku hiyohiyo. Kesho yake rudi ukaze tena kidogo na ukate iliyojitokeza. Taa za juu na kifuniko cha paa ni hivyohivyo. Kama butili imekosekana masoko ya Mwanjelwa na SIDO hapa Mbeya, tumia gundi ya poliyurethani, Sikaflex na za aina hiyo zinapatikana kwenye maduka ya vifaa vya magari, ila hiyo siku ukitaka kulitoa dirisha tena utapata kazi. Ribiti zilizolegea zitobolewe zitoke, ziwekwe mpya na kila moja ipakwe gundi kabla haijaingia tunduni.

Sakafu sasa. Chukua bisibisi, chomachoma kuanzia pale panapobonyea kwenda nje mpaka ufike ambapo mbao inakukatalia kabisa, chora mstari hapo, ndo eneo la kukata. Mara nyingi linakuwa kubwa kuliko ulivyodhani, usikate tamaa. Lakini nakuomba sana, na hili mwambie fundi wako mbele ya macho yake: ASIVUNJE makabati yote kwa mpigo. Kwenye haya makaravani kabati na viti vimeunganishwa na ukuta, ndo vinavyobeba paa. Ukivitoa vyote paa linashuka, mlango unakataa kufunga, na kulirudisha ni kazi ya wiki. Afanye kipande kwa kipande na paa liwekewe mti wa kulishikilia.

Plaiwudi tunayo hapahapa kwetu, Mafinga viwanda vimejaa, ila siyo kila plaiwudi gundi yake inahimili maji. Omba kipande kidogo tu kama kiganja, kakichemshe kwenye sufuria masaa matatu manne. Matabaka yakiachana, hiyo ni ya dari, iache hukohuko. Yakibaki yameshikana nunua. Kabla haijaingia ipakwe resini (ile gundi ya maji maji inayokauka na kuwa ngumu) juu, chini na hasa kingo na kila tundu la skrubu, maana plaiwudi inakunywa maji kwa kingo. Resini ya epoksi inashika mbao vizuri kuliko ya poliesta, ukiipata usiiache hata kama bei imesimama.

Na usifunge kazi kabla ndani hakujakauka. Mbeya mvua zikianza Novemba zinaenda mpaka Aprili, Mei, kwa hiyo panga sakafu ifanyike kiangazi, saivi ziba madirisha, toa zulia na magodoro nje kila jua likitoka, lifunike turubai lakini liache nafasi ya upepo kupita.

Mambo vipi braza fundi. Niko Iringa, Ipogolo. Karavani langu mbele kuna tundu, jiwe lilirushwa na lori, ukubwa wa kiganja, alafu kona ya mlango kuna ufa umeanza kutembea. Nilinunua resini na mati (kile kitambaa cha nyuzi za faiba) nikajaribu mwenyewe ule mwezi wa saba, mpaka leo inanata. Wameniuzia feki? (Kijana wa Ipogolo)

Poa mdogo wangu. Inawezekana siyo feki kabisa. Resini ya poliesta inataka joto, ikishuka chini ya nyuzi 15 inalala, na mwezi wa saba Iringa na Mbeya asubuhi na jioni unajua wenyewe baridi ilivyo. Fanya kazi hiyo saa tano asubuhi mpaka saa nane mchana, usianze jioni hata siku moja.

Kwanza jaribu hivi, ikandamize kwa ukucha. Kama chini ni ngumu na ni juu tu ndo panata, hiyo ni kawaida, poliesta ikigusana na hewa uso wake unabaki unanata, futa kwa asitoni, piga msasa, endelea na maisha. Kama yote ni laini mpaka chini basi hadina (ile dawa ya kuikausha resini) ilikuwa kidogo au hukukoroga vya kutosha, na hapo hakuna dawa, ikwangue yote uanze upya. Kupaka nyingine juu ukitegemea itaikausha ya chini ni kupoteza hela.

Vipimo: kwa gramu 100 za resini weka gramu 1 mpaka 2 za hadina. Kukiwa na baridi nenda kwenye 2, usizidi 3 hata iweje, ikizidi inachemka, inakuwa kavu ya kuvunjikavunjika. Tumia sirinji, siyo kifuniko cha chupa kwa makadirio. Na hapa naomba usome mara mbili: dukani wengine wanakuuzia chupa tatu, resini, kobalti ile ya zambarau inayoharakisha resini kukauka, na hadina. KOBALTI NA HADINA HAZIKUTANI ZENYEWE KWA ZENYEWE, zikichanganywa moja kwa moja zinalipuka. Kobalti inaingia kwenye resini kwanza, inakorogwa mpaka ipotee kabisa, ndo hadina inafuata. Sirinji mbili tofauti. Vaa miwani, tone la hadina jichoni linaweza kukuachia upofu, ndugu yangu, weka ndoo ya maji safi karibu kabla hujafungua chupa.

Tundu lenyewe liponye kutokea ndani. Nje weka kipande cha kadibodi ngumu au plastiki kilichofunikwa nailoni, kibandike kwa tepu kifuate umbo la bodi. Ndani piga grenda au msasa namba 40 au 60, siyo kwenye tundu tu, tanua kuzunguka: kama bodi lina unene wa milimita 4 basi mteremko wa msasa utoke sentimita 5 hivi kila upande, uwe mwembamba kwenye tundu na kupanda taratibu. Hapo ndo kiraka kinaposhika. Watu wengi wanabandika kiraka juu ya faiba inayong'aa, kinakaa mwezi mmoja kinabanduka kizima. Mati ya gramu 450 kwa mita ya mraba ikishalowa na kukauka inatoa karibu milimita 1 ya unene, kwa hiyo wewe unahitaji matabaka manne, mawili mawili, ukiyaweka yote kwa mpigo joto linakuwa kali. Paka resini ukutani, weka mati, alafu brashi usiiburuze kama unapaka rangi, igonge gonge kwa ncha mpaka weupe wote wa mati upotee na iwe kama kioo chenye ukungu. Pakibaki peupe hapo kuna hewa, piga tena. Vumbi la faiba linawasha vibaya na mapafu halifai, barakoa nzuri, mikono mirefu, na nguo hizo zifuliwe peke yake.

Ufa wa kona ya mlango ni habari nyingine, ule haukuletwa na jiwe. Bodi linacheza. Kabla ya kuziba ingia uvunguni ukaangalie boliti zinazoshika bodi kwenye chesisi na uangalie chesisi yenyewe pale mbele inapokunjika kuelekea kwenye kichwa cha kuvutia, hapo hupasuka sana kwenye karavani za zamani hizi. Ukikuta chesisi imepasuka mchomeleaji aitibu kwanza na aongeze bamba. Ndo uje utoboe katundu ka milimita 3 kwenye ncha ya ufa ili usiendelee, uimarishe ndani kwa matabaka mawili matatu, nje uufungue kidogo uujaze jelikoti (lile tabaka la nje la faiba linalong'aa na kubeba rangi). Ukianza na urembo wa nje utarudi hapo msimu ujao.

Kama mkono wako bado mgeni, kuna mafundi wa boti za faiba kule ziwani Kyela na wapo wanaotengeneza bampa za mabasi mjini, wanaijua hii kazi. Watu wa puti na rangi peke yake waache.

Fundi, bodi langu limefubaa, ukipitisha mkono unatoka mweupe kama umeshika chaki. Nipige rangi ya gari? (Msomaji, Mbalizi)

Bado. Hiyo ni jelikoti imeliwa na jua, chini yake kwa kawaida bado ipo nzima. Osha, alafu msasa wa maji namba 600, kisha 800, 1000, 1200, kwa maji mengi na mkono mwepesi, hasa kwenye kona maana huko jelikoti ni nyembamba. Kompaundi ya kung'arishia, kisha nta ya magari. Ukirudia nta mara mbili kwa mwaka litakukalia miaka. Rangi ni pale jelikoti imeisha kabisa unaona nyuzi.

Habari ya kazi fundi. Nina tela la kulala la faiba nimelileta kutoka Afrika Kusini kupitia Tunduma. Nikisimama nyuma yake naona matairi yote mawili yameinama kwa ndani juu. Mwezi wa kumi na mbili nataka kushuka nalo mlima Kitonga kwenda Dar na familia. Gereji moja wamesema wapashe moto ekseli wainyooshe. Vipi? (Baba Wawili, Makambako)

Salama kaka. Wasipashe moto. Ekseli za karavani nyingi za aina hii hazina springi, ndani ya bomba la pembe nne kuna mipira migumu iliyobanwa na mkono wa gurudumu unazunguka ndani yake. Mipira hiyo ndo springi. Ikishazeeka, na miaka 20 mpaka 30 ni umri wake, inakauka, tela linashuka na matairi yanaanza kuinama. Moto unaiunguza iliyobaki. Hakikisha hivi: piga jeki kwenye chesisi gurudumu liinuke. Mkono ukishuka chini bado una uhai, ukibaki palepale ekseli imekufa, haitengenezwi, inabadilishwa. Ukiagiza ya mpira sawa, usipopata weka ekseli iliyonyooka yenye springi za mabamba, ila vishikio vyake vichomelewe kwenye chesisi, visiguse faiba, na fundi apime umbali wa magurudumu yote mawili kutoka kwenye kichwa cha kuvutia ulingane, la sivyo tela litaenda kombo na matairi yatakwisha upande.

Ukiwa umeshalifungua, beringi. Toa, osha kwa mafuta ya taa, zikaushe, zitazame kwenye mwanga. Rola ikiwa na rangi ya bluu imeungua, ikiwa na vidoa kama imetafunwa imekwisha, badilisha pamoja na kikombe chake na sili. Grisi isukumwe kwa kiganja mpaka itokee upande wa pili kati ya rola na rola, kupaka juu juu haisaidii. Nati ikaze huku unazungusha gurudumu, kisha ilegeze, kisha irudishe kwa vidole tu, weka pini mpya. Fanya hivyo kila mwaka, na kila ukivuka maji yaliyofunika habu.

Tairi usiangalie kashata peke yake. Karavani linakaa zaidi kuliko linavyotembea, tairi linazeeka likiwa na kashata nzima. Tafuta namba nne za mwisho kwenye mstari wenye herufi DOT ubavuni mwa tairi: 2319 maana yake wiki ya 23 mwaka 2019. Zikipita miaka sita usishuke nazo Kitonga na watoto ndani ya gari, tafadhali.

Na mzigo. Uzito unaokalia boli la kuvutia nyuma ya gari uwe asilimia 10 mpaka 15 ya uzito wa tela lote likiwa limepakiwa, tela la kilo 700 basi kilo 70 mpaka 105, weka kichwa cha tela juu ya mizani ya magunia uone. Ukirundika magunia ya viazi nyuma ya ekseli mbele kunakuwa kwepesi na tela linaanza kutikisa mkia. Likianza kuyumba achia mafuta, shika usukani umenyooka, usikanyage breki kwa pupa. Kitonga ingia gia ndogo ukiwa bado juu kabisa, siyo ukishaanza kusikia harufu ya breki. Ukifika Ruaha Mbuyuni simama, shuka, gusa kila habu kwa nyuma ya mkono. Moja ikiwa ya moto kuliko mwenzake, usiondoke hapo mpaka ujue ni breki inayoshika au ni beringi.

Kamwene fundi. Njombe huku baridi kali, tunalala kwenye karavani shambani. Tumeziba matundu yote kwa matambara, hata lile la chini sakafuni karibu na jiko la gesi, na tunaingiza jiko la mkaa likishawaka vizuri bila moshi. Asubuhi kuta za ndani zinakuwa na maji na mke wangu anaamka na kichwa kinamuuma. Hayo maji yanatoka wapi? (Mkulima, Njombe)

Kamwene kaka, na nashukuru Mungu umeandika. Habari ya maji nitakujibu, ila kwanza LEO HII toa hilo jiko na usiliingize tena. Hicho kichwa cha shemeji siyo baridi. Mkaa ukishawaka bila moshi ndo hatari zaidi kwa sababu unajiona salama, unatoa kaboni monoksaidi, haina harufu, haina rangi, na karavani la faiba halina ufa kama nyumba ya tofali za udongo, hewa haitoki. Watu wanalala hawaamki. Hata makaa yanayoonekana yamezimika bado yanaitoa. Mtu akiamka na kichwa, kichefuchefu, miguu haina nguvu, mtoe nje kwenye hewa haraka na mpeleke hospitali, na muwaambie kabisa kwamba kulikuwa na jiko la mkaa.

Matambara yatoe pia. Lile tundu la sakafuni halikusahauliwa na fundi, limewekwa makusudi, gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inashuka chini na kutokea hapo. Mkiliziba inakaa ndani inasubiri kiberiti. Kila mkibadilisha mtungi pakeni povu la sabuni kwenye maungio yote na mpira, povu likitoa mapovu mapya gesi inavuja, na mpira uliopasukapasuka ukikunjwa ubadilishwe.

Maji ya ukutani ni pumzi zenu na mvuke wa kupikia, yanakutana na faiba ya baridi yanageuka matone. Dirisha moja liwe wazi vidole viwili na kifuniko cha paa kiachie kidogo, usiku mzima. Baridi mtaipunguza kwa kubandika zulia nene au sponji ukutani, magodoro yainuliwe kwenye vibao hewa ipite chini, mablanketi, na chupa ya maji ya moto miguuni.

Fundi, karavani langu ni la Marekani, mlango uko kulia, nikisimama barabarani watoto wanashukia upande wa magari. Naweza kukata mlango upande wa kushoto? (Dereva, Tunduma)

Wao wanaendesha kulia, ndo maana. Kukata inawezekana lakini sikushauri, ukuta wa faiba nguvu yake ni kutokatika, ukitoboa upande wa pili umedhoofisha bodi lote na itabidi ujenge fremu mpya ya mlango, uhamishe jiko na nyaya. Usisimame kando ya barabara kuu kushusha watu. Ingia kituo cha mafuta au uwanjani, geuza tela mlango uangalie mbali na magari, na ndani weka komeo la juu ambalo watoto hawalifikii.

Wenye maswali ya nyaya na taa za tela nimewaona, hayo ni toleo lijalo. Ukiandika weka picha ya plagi na uniambie ina pini ngapi.